Zile mbavu za mawe darini: jibu kwa fundi wa Lindi

SWALI

"Mimi ni fundi ujenzi, kazi zangu ziko Lindi. Mwaka jana nilivuka Ruvuma kwenda harusini Nampula, wenyeji wangu wakanipeleka kutembea Kisiwa cha Msumbiji. Nyuma ya ile ngome kubwa, kwenye ncha kabisa ya kisiwa, kuna kanisa dogo jeupe ambalo halitumiki tena. Mwenyeji wetu alisema ni la enzi za kati. Ndani, upande wa madhabahu, dari ni la mawe, na lina mistari ya mawe iliyochomoza inayokutana juu kama mbavu za samaki. Nimekaa na maswali. Ile mistari inabeba au ni urembo tu? Kweli kanisa ni la enzi za kati? Mbona wazee wetu wa Kilwa hawakujenga vile? Na la mwisho, niliona chumvi imetoka ukutani na lipu inamenyeka. Kwa nini wasipige saruji yakaisha? Hili la mwisho nina haja nalo mwenyewe, maana nimeombwa kutengeneza kuta za msikiti wa zamani wa matumbawe kijijini kwetu."

JIBU

Fundi, salaam. Swali lako la saruji ndilo lenye haraka, lakini nitaliweka mwisho, kwa sababu ukishaelewa yale mengine hutahitaji kuniamini kwa neno langu tu.

Kanisa lile huitwa kwa Kireno Capela de Nossa Senhora do Baluarte, yaani Mama Yetu wa Buruji (buruji ni sehemu ya ngome iliyochomoza). Lilijengwa mwaka 1522. Ngome ya São Sebastião, ambayo ulipita ndani yake ili ulifikie, ilianza kujengwa mwaka 1558. Kwa hiyo kanisa limeitangulia ngome kwa miaka 36, na hata ngome ilipokuja haikulizungushia ukuta. Limebaki nje, juu ya mwamba, limeelekea bahari. Waholanzi waliizingira ngome ile mwaka 1607 wakarudi tena 1608. Walishindwa kuiteka, na kanisa nalo lipo mpaka leo. Huhesabiwa kuwa jengo la Wazungu kongwe kuliko yote yaliyosimama bado kusini mwa ikweta.

Je, ni la enzi za kati? Ukifuata kalenda, mwenyeji wako alikosea. Vitabu vingi vya historia ya Ulaya hufunga enzi za kati kwenye mwaka 1453, Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki, au 1492, Columbus alipovuka Atlantiki. Mwaka 1522 tayari kule Roma ujenzi wa Basilika mpya la Mtakatifu Petro ulikuwa na miaka 16, na wasanifu wake walikuwa wamerudia matao ya duara na kuba za Warumi wa kale. Mtindo wa mbavu na matao yaliyochongoka ulikuwa umeshaanza kuonekana wa kizee.

Lakini jengo halijengwi na kalenda. Linajengwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Ureno ya wakati ule mafundi mawe walikuwa bado wanarithishana ufundi uleule wa miaka mia mbili au tatu nyuma: jinsi ya kuchora tao sakafuni kwa kamba na msumari, jinsi ya kuchonga jiwe la ubavu, jinsi ya kulifunga dari kwa jiwe la kati. Walichoongeza wao ni mapambo. Mfalme Manuel wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1495 hadi Desemba 1521, alikuwa na fedha za biashara ya viungo, na majengo ya enzi yake yakajaa kamba za mawe zilizofungwa mafundo, msalaba wa Shirika la Kristo, na lile tufe la pete ambalo wanajimu na manahodha walilitumia kusoma anga, ambalo lilikuwa alama yake binafsi. Mtindo huo ukabaki na jina lake, Manueline. Ukienda Lisbon, monasteri ya Jerónimos na mnara wa Belém ndio mifano mikubwa. Kikanisa chako ni mjukuu mdogo wa majengo hayo, na kilizaliwa yatima: mfalme alikuwa amekwisha kufa kabla ya mwaka wa ujenzi wake kuanza.

Kwa hiyo mimi, nikiulizwa, humjibu mgeni hivi: tarehe ni ya zama mpya, mikono ni ya enzi za kati. Mwenyeji wako hakudanganya sana.

(Kando kidogo. Wareno kwa kawaida waliweka kanisa lao ndani au ubavuni mwa ngome, na kanisa kwa Kireno ni igreja. Wataalamu wa lugha wengi hukubaliana kwamba neno letu gereza limetoka hapo. Wenyeji waliona boma, wakasikia wenye boma wanalitaja igreja, jina likabaki kwenye kuta. Pale Kilwa Kisiwani boma lililo ufukweni bado linaitwa Gereza.)

Sasa mbavu. Wewe umezoea zege na nondo, kwa hiyo nitaanza na kitu ambacho nondo zimekusahaulisha. Jiwe hustahimili kugandamizwa kwa nguvu za ajabu, lakini ukilivuta au ukilipinda linakatika. Ukiweka jiwe refu juu ya mlango kama linta, upande wake wa chini unavutwa, na siku moja utaona ufa katikati. Leo unatia nondo upande huo wa chini, kwisha habari. Fundi wa zamani hakuwa nazo. Dawa yake ilikuwa tao: vipande vifupi vya mawe vilivyopangwa kwa mzingo, kila kimoja kikimsukuma mwenzake, pasiwe na kipande kinachovutwa. Uzito wote unageuka kuwa mgandamizo. Gharama yake ni kwamba miguu ya tao inasukuma nje, kulia na kushoto, usiku na mchana. Nimewahi kusikia mafundi wa pwani wakisema tao halilali. Ni kweli kabisa.

Ukilichukua tao ukalivuta kwa urefu, kama bomba lililopasuliwa, unapata dari la pipa. Ni zuri na rahisi, lakini lina matatizo mawili. Linasukuma ukuta kwa urefu wake wote, kwa hiyo ukuta lazima uwe mnene kila mahali na madirisha yawe madogo. Na wakati wa kulijenga unahitaji kalibu ya mbao, yaani umbo la muda la kushikilia mawe, chini ya dari zima, mbao nyingi, hadi chokaa ikamate.

Kisha mtu akapata wazo la kukatisha mapipa mawili, moja likaenda mashariki na magharibi, jingine kaskazini na kusini. Pale yanapokutana huzaliwa kona mbili za mshazari, na uzito wote huteremka kupitia kona hizo hadi kwenye pembe nne za chumba. Sasa ukuta ulio kati ya pembe haubebi sana. Unaweza kuutoboa dirisha. Warumi walilijua hili. Tatizo lao, na la waliowafuata, lilikuwa kona yenyewe. Kuchonga jiwe linalogeuka pande mbili kwa wakati mmoja, na kulifanya lilandane na la jirani yake huku unaning'inia juu ya jukwaa, ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Ukikosea kidogo, mstari unapinda na kila anayeingia anauona.

Hapo ndipo ubavu ulipoingia. Badala ya kuchonga kona, fundi alijenga kwanza tao jembamba la mawe yaliyochongwa vizuri kutoka pembe hadi pembe, na jingine la kulikatisha, yakafungwa katikati kwa jiwe moja kubwa. Halafu akajaza nafasi zilizobaki kwa mawe mepesi, kama ngozi. Kalibu kubwa ikahitajika chini ya mbavu tu. Ngozi ilijengwa kwa vibao vidogo vinavyohamishwa, vikiegemea mbavu zenyewe. Kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1093, ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa kuezekwa hivi. Tao lilipochongoka juu badala ya kuwa nusu duara, mambo yakawa mepesi zaidi, kwani tao lililochongoka husukuma nje kidogo kuliko la duara lenye upana uleule, na unaweza kulipandisha au kulishusha ili vilele vyote vilingane hata kama chumba si mraba.

Ulisema mbavu za samaki. Mimi ningekupeleka bandarini. Fikiria jahazi limegeuzwa juu chini, uko chini yake unatazama mataruma, ile miti iliyopinda inayolikaza jahazi kwa ndani. Ule mfano ni wa kweli kuliko unavyoonekana, na unatufundisha jambo. Mafundi wetu wa majahazi kwa jadi walianza na ganda: waliulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wakapandisha mbao za ubavuni kwa jicho na uzoefu, mataruma yakaja kupachikwa ndani baadaye ili kulikaza ganda. Wareno wa karne ya 16 walijenga merikebu zao kinyume chake, walisimamisha kwanza baadhi ya mataruma kwa vipimo, kisha wakazivisha mbao. Lile dari la madhabahu limejengwa kwa fikra ya merikebu ya Kireno, mifupa kwanza, ngozi baadaye. Shikilia hapo, tutalirudia tukifika Kilwa.

Inabeba, au ni urembo? Swali hili limewagombanisha wataalamu kwa karibu miaka mia. Karne ya 19 walisema kwa uhakika kwamba ubavu ndio mfupa, ukiuondoa dari linaanguka. Kisha zikaja vita mbili za dunia, makanisa ya Ufaransa yakapigwa makombora, na watu wakaona kwa macho yao mahali ambapo mbavu zilidondoka na ngozi ikabaki juu, imejishika yenyewe. Pengine ngozi ilidondoka na mbavu zikabaki. Msimamo wangu ni huu: wakati wa ujenzi ubavu ni wa lazima, kwa sababu ndio unaoongoza umbo na ndio unaobeba vibao vya fundi. Chokaa ikishakamata, ngozi na mbavu hugawana kazi, na nani anabeba zaidi hutegemea unene wa ngozi, ubora wa chokaa, na nyufa zilizokuja na miaka. Katika majengo ya mwishomwisho ya mtindo huu, mafundi waliongeza mbavu ndogondogo za katikati hadi dari likafanana na wavu. Hizo nyingi ni za macho tu. Zile kubwa zinazotoka pembeni usiziguse.

Halafu tazama miguu. Katika makanisa makubwa ya Ulaya ule msukumo wa nje ulizuiwa kwa nguzo nzito za kuegemeza ukuta, na kwingine kwa matao yanayoruka hewani kutoka nguzo hadi ukutani. Chumba kikiwa kidogo kama kile cha madhabahu uliyoiona, mambo hayo hayana haja. Ukuta mnene unatosha, mradi msingi hausogei. Na pale msingi ni mwamba. Yeyote aliyechagua kiwanja kile alijua anachokifanya, ingawa nina hakika alikuwa anafikiria zaidi kuonekana na merikebu kuliko miguu ya matao.

Twende Kilwa, maana swali lako la tatu ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Limebeba dhana ambayo nimeisikia hata kwa wanafunzi wa usanifu: kwamba dari la mawe ni ujuzi uliokuja na meli za Wareno. Vasco da Gama alifika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498. Kufikia hapo Kilwa ilikuwa na makuba kwa zaidi ya miaka mia na hamsini.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una sehemu mbili. Ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au 12, nayo ilikuwa na dari bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, iliongezwa sehemu kubwa ya kusini iliyoezekwa kwa makuba na mapipa ya mawe. Wakati huohuo lilijengwa kasri la Husuni Kubwa pale mwambani, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Ule upanuzi wa msikiti ulianguka. Nguzo zake hazikustahimili. Katika karne ya 15 wakajenga upya, mara hii kwa nguzo nene za pembe nane za mawe na chokaa, na hizo ndizo unazoziona leo, kuba na pipa vikipishana juu yake. Nakwambia haya ya kuanguka makusudi, kwa sababu dari lililoanguka likajengwa tena kwa namna bora ni ushahidi wa watu waliokuwa wakijifunza kwa kazi yao wenyewe.

Walijengaje? Hapa ndipo ile habari ya jahazi inarudi. Wazee wa Kilwa hawakuwa na mwamba wa kuchonga vipande vikubwa vyenye pembe kali. Walikuwa na matumbawe. Yako ya aina mbili, unayajua: lile gumu la ardhini, lenye mashimo, halichongeki vizuri lakini linafaa kwa kifusi cha ukuta, na lile laini linalotolewa baharini likiwa bado na maji, ambalo unaweza kulichonga kama muhogo kisha likigusa jua linakuwa gumu. La laini waliliweka kwenye mihrabu, vizingiti na nakshi. Dari walilijenga kwa lile gumu, likavunjwa vipande, likatupiwa chokaa nyingi nzito juu ya kalibu ya mbao. Kwa maneno ya kazini kwako, walimwaga zege. Zege bila nondo, lenye umbo la kuba ili pasiwe na mahali panapovutwa. Likishakauka ni kitu kimoja, kama bakuli lililofunikwa. Bakuli halihitaji mbavu, kwa kuwa halina viungo vya kufichwa wala kona za kuchonga. Ni ganda tupu, kama jahazi kabla ya mataruma.

Kwa hiyo hawakushindwa kujenga mbavu. Walikuwa na kitu kingine mkononi, na kitu hicho kikazaa umbo lake. Ukiwa na mawe magumu ya kuchongeka na mafundi wa patasi wengi, mbavu zinakuja zenyewe. Ukiwa na chokaa nzuri na matumbawe ya kila saizi, unamwaga. Tena ukipata nafasi, usiishie Msikiti Mkuu. Uende ule Msikiti Mdogo wa Makuba, umbali wa kutembea tu, uingie ndani utazame juu. Kuna mabakuli ya kauri yaliyopachikwa kwenye dari. Kwangu mimi ndilo dari zuri kuliko yote pwani hii, na nimeyaona mengi.

Makuba yalikuwa ya majengo ya heshima. Nyumba za kawaida, na misikiti mingi, waliezeka kwa boriti za mikoko na zege la chokaa juu yake. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, toka Lamu hadi Kilwa, ni vyembamba vyote, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi: boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo bila kulegea. Mti ndio uliokuwa futi kamba ya mwenye nyumba.

Kuna jengo moja ambalo limeoa njia hizi mbili, na linanichekesha kila nikilipita. Kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, lilijengwa na Askofu Edward Steere kati ya 1873 na 1880 mahali palipokuwa na soko la watumwa. Madirisha yamechongoka kama ya Ulaya ya enzi za kati, lakini dari ni pipa la zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, ubavu hata mmoja hauna. Wakati ule wengi walingoja lianguke. Liko. Ndani kuna nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka vile askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha.

Nirudi Msumbiji kidogo kabla ya saruji. Ulipotoka kwenye mji wa mawe wa kaskazini ukaingia mji wa makuti wa kusini, uliona kwamba unateremka? Paa za makuti ziko karibu usawa wa barabara. Si ardhi ya asili ile, ni shimo la machimbo. Mawe ya majumba ya kaskazini yalichimbwa pale, na waliochimba na vizazi vyao wakaishi ndani ya shimo. Mvua ikinyesha maji yote yanakwenda kwao. UNESCO iliandikisha kisiwa kizima kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1991, miji yote miwili, na nadhani hilo lilikuwa jambo la haki, ingawa watalii wengi hupiga picha upande mmoja tu.

Haya, saruji. Nianze na aibu yangu. Nikiwa kijana, miaka michache baada ya kutoka chuoni, nilisimamia ukarabati wa nyumba ya zamani ya matumbawe karibu na bahari. Mwenye nyumba alitaka kuta ngumu, akaleta mifuko ya saruji, mimi nikakubali kwa sababu sikuwa na hoja ya kumpinga. Tulipiga lipu ya saruji nje na ndani, ikapendeza. Masika ya tatu ukuta ukavimba. Tulipogonga, lipu ilitoka mabamba makubwa, na nyuma yake matumbawe yalikuwa yamegeuka unga. Ungeweza kuyachota kwa kijiko.

Sababu ni hii. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Hunywa kutoka chini ardhini, hunywa mvua, hunywa umande wa bahari, na maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo, kwa hiyo maji yanapita hadi nje, yanakauka juu ya lipu, chumvi inabaki pale juu kama ule unga mweupe uliouona. Lipu inaharibika taratibu, na baada ya miaka unaibandua, unapiga nyingine. Lipu ni nguo ya ukuta, imewekwa ichakae yenyewe ili mwili upone. Ukipiga saruji umeziba mlango. Maji yanaishia nyuma ya saruji, chumvi inaganda huko ndani, na fuwele zake zikikua hulipasua jiwe kutoka ndani. Juu ya hayo saruji ni ngumu na matumbawe ni laini. Jua likiwaka vinatanuka tofauti, na anayeshindwa ni aliye laini. Kwa hiyo kumenyeka kwa lipu uliyoiona kule ilikuwa dalili kwamba lipu inafanya kazi yake, na kwamba zamu yake ya kubadilishwa imefika.

Sasa msikiti wenu. Kabla hujashika mwiko, ulizia umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kama upo kwenye kundi hilo kamati iandike barua Idara ya Mambo ya Kale kwanza. Hilo si la kukutisha. Nimeona kazi nzuri zikisimamishwa nusu kwa sababu barua haikuandikwa.

Siku ya kwanza usiguse ukuta. Zunguka nje mvua ikinyesha, uone maji yanakwenda wapi. Mara nyingi ugonjwa wote ni ardhi iliyopanda. Miaka mia ya kufagia na kumwaga kifusi imeinua uwanja juu ya sakafu ya ndani, na ukuta unasimama dimbwini. Punguza udongo, chimba mfereji, ezua mabati yanayovujia ukutani. Mti ukiwa umeota juu ya ukuta, hasa wa jamii ya mtini, usiung'oe kwa kuvuta, utaondoka na mawe. Ukate, uue mzizi, uuache unyauke, ndipo uutoe vipande vipande.

Penye lipu ya saruji ya zamani, gonga kwa kishikio cha nyundo. Inayolia tupu itoe. Iliyoshika sana iache kwa sasa, maana kuing'oa kunaweza kuondoka na nusu ya jiwe. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, uikusanye kwenye gunia uitupe mbali. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Chokaa usitafute ya matumbawe mapya ya baharini. Miamba ile ina kazi yake ya kulea samaki, na chokaa ya mawe kama ya Tanga inafaa vizuri. Ukipata ya moto, isiyozimwa, chimba shimo, izime kwa maji mengi, na uwe mbali. Inachemka na inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo miwani na glavu si mapambo. Ichuje, iache chini ya maji isipate hewa. Miezi mitatu ni kidogo, sita ni nzuri. Ikitoka inakuwa kama siagi. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mtoni, mchanga mkali wenye punje za saizi mbalimbali, wala si wa ufukweni hata kama umeoshwa. Maji yawe ya kisima kisicho na chumvi.

Kwanza jaza mashimo makubwa kwa vipande vya matumbawe ya zamani yaliyoanguka, vikipachikwa ndani ya chokaa. Lowesha ukuta. Piga koti jembamba, lisizidi unene wa kidole, ulikwaruze, uliache siku kadhaa. Halafu la pili. La mwisho ni niru, laini kabisa. Chokaa haikauki kama saruji. Inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na ikikaushwa na jua kabla ya hapo itabaki unga. Ning'iniza magunia yaliyoloa mbele ya ukuta kwa wiki nzima, na usipige lipu upande wowote wakati unapigwa na jua la mchana. Kamati itakuuliza mbona kazi haiishi. Waambie mapema kwamba lipu hii ina ratiba yake, na upange malipo yako kwa hatua, si kwa siku.

Kama msikiti una kuba au tao lenye ufa, usiuzibe kwanza. Pachika kipande kidogo cha plasta ya jasi juu ya ufa, kiandikie tarehe, na ukiangalie kila mwezi kwa masika moja na kiangazi kimoja. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umetulia, utaujaza kwa chokaa nyembamba. Kikikatika, ule msukumo wa nje niliokueleza unaendelea na miguu inasogea. Hapo simamisha kazi, weka miti ya kuegemeza ukuta kwa nje, na umwite mhandisi kabla mtu hajasali chini yake tena.